Jinsi ya kuposti riwaya unayosoma na inayofuata, watu wakujibu

Wadau habari zenu. Kuna ile posti tunaijua wote, mtu kapiga picha jalada, pembeni kikombe cha chai, chini kaandika "nasoma hiki" basi, halafu anashangaa kapata dole gumba mbili na kimya. Sasa jamani watu wakujibu nini hapo? Hujawapa pa kushika. Mi nasimamia grupu la WhatsApp la wapenda riwaya na mgeni akiingia huwa namwelekeza hivi hivi, kwa mfano ntatumia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi maana wengi mnayo nyumbani au mliisoma shule.

Hatua ya 1: sema umefika wapi kwa tukio
Namba ya ukurasa haisaidii sana. Kitabu kimetoka 1999 na nakala za watu hazifanani, mwingine anasoma ya shule, mwingine kaazima ya zamani, wa tatu yuko kwenye simu ambako kurasa zinabadilika ukikuza maandishi. We sema "nimefika pale Yasmin keshamkimbia mumewe Bwana Raza yuko kwa Mwajuma", aliyesoma anajua moja kwa moja uko wapi na ambaye hajasoma kashapata hamu.

Hatua ya 2: toa jambo moja linalokukera au kukufurahisha, alaf uliza
Hapa ndo penyewe, usipaharakishe. "Kitabu kizuri sana" haimwamshi mtu. Andika kitu ambacho mtu anaweza kukubishia, mfano mi ningeandika hivi:

"Nasoma Vuta N'kuvute. Nimefika Yasmin yuko kwa Mwajuma. Kila mtu anamsifia Denge na siasa zake za kupinga wakoloni ila mi naona Mwajuma ndo anaibeba hii riwaya, hana cheo hana mali lakini mlango wake uko wazi. Nani ananipinga?"

Mistari minne tu, na nakuhakikishia mashabiki wa Denge watatokea tu hata wale wanaosomaga kimya kimya. Swali liwe moja, ukiuliza matatu watu wanajibu lile rahisi au wanaacha yote. Na kama una voisi noti ya dakika saba mwili mzima unanisisimka kwa woga, andika bwana, watu wako kwenye daladala.

Hatua ya 3: penye kuku wengi usimwage mtama
Mwisho wa hadithi haupostiwi. Ukishindwa kujizuia anza na neno TAHADHARI kwa herufi kubwa, acha mistari kadhaa mitupu ndo uandike, ili asiyetaka aruke. Hii inawahusu pia waliotazama filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana na Vuta N'kuvute, nyie mnajijua, mtu yuko katikati ya kitabu we unamwambia "subiri uone mbele". Hapana bwana.

Hatua ya 4: taja kinachofuata na sababu yake
Kimoja, vikizidi sana viwili. Orodha ya vitabu kumi mi naiona kama majigambo tu na hamna anayeisoma. Sababu ndo inayovuta watu, mfano "nikimaliza hii naingia Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022, nataka nione kijana Yusuf aliyetolewa kwa Aziz kisa deni la baba yake nimlinganishe na Yasmin aliyeozeshwa kwa mzee, wote wameamuliwa maisha na wakubwa". Ukiposti hivo kuna mtu atasema ngoja nami niitafute tuanze pamoja, na huyo ndo uliyekuwa unamtaka.

Sema pia nakala utapata wapi, umenunua, umeazima maktaba, au unaomba mwenye nayo akuazime. Habari za kuombana pidiefu ya kitabu kinachouzwa dukani kwetu hatuna, mwandishi naye anakula.

Tarehe ya kumaliza usiahidi kwa kuangalia unene. Nagona ya Kezilahabi ya 1990 ni kijitabu chembamba, unaeza sema naimaliza leo na chai, subiri uone utakavyorudi ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 5: rudi
Mtu akikujibu mjibu, hata kama ni "hahaha kweli". Ukikiacha kitabu njiani sema umekiacha na umeishia wapi, hizo posti kwetu huwa zinachangamka kuliko za kusifia, kuna wa kukubembeleza uendelee kidogo na kuna wa kukwambia afadhali hata mimi niliishia hapo hapo. Siku mi nakushauri Ijumaa jioni, watu wana wikiendi mbele na mwenye kutaka kununua ana Jumamosi ya kupita dukani.

Haya, aliye na kitabu mkononi saizi ashushe ya kwake hapa chini, na mwenye Peponi ambaye keshamaliza aniambie anaiazimisha kwa masharti gani.