Sufuria Moja kwa Siku: Kuirudisha Akili Mikono Ilipo

Mikono iko kwenye povu, akili iko kwenye kodi ya nyumba. Hali hiyo inarekebishika kwa mazoezi, na huhitaji mkeka wala chumba cha kimya. Chagua kazi moja unayoifanya kila siku. Kuosha vyombo kunafaa sana, maana kuna maji, sauti na harufu za kushika. Anza na sufuria moja tu, kama dakika tatu. Karai zima litakuchosha siku ya kwanza.

Simu ibaki chumbani, redio izimwe. Simama, sikia nyayo zilivyogusa sakafu, kisha vuta pumzi tatu za kawaida kwa pua. Usizivute kwa nguvu: ukihema sana na haraka utapata kizunguzungu na ganzi ya vidole.

Sasa shika sufuria ya ugali. Maji ni ya uvuguvugu au baridi? Sikia dodoki linavyokwaruza ukoko, na sauti inavyobadilika ukoko ukianza kuachia. Angalia povu jeupe linavyogeuka la kijivu. Usiharakishe, lakini pia usiigize upole. Osha kama unavyoosha siku zote.

Akili itatoroka, pengine kabla hujamaliza kusugua kitako. Wengi huachia hapa wakidhani wameshindwa, kumbe kugundua kwamba imetoroka ndilo zoezi lenyewe. Sema moyoni "nawaza", kisha rudi kwenye vidole. Ikitoroka mara ishirini, rudi mara ishirini. Kujigombeza hakusaidii, ni wazo jingine tu limeongezeka.

Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha kozi ya wiki 8 ya mazoezi kama haya ya kutuliza akili huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, alikuwa akiwaanzisha wanafunzi na zabibu kavu moja: waitazame, wainuse, waitafune polepole. Zabibu haina uchawi. Tende au karanga itafaa vilevile.

Kosa jingine ni kusubiri hadi hasira ipande ndipo ujaribu. Jifunze siku ambazo huna neno na mtu. Kwenye daladala, sikiliza honi na kelele za kondakta kama sauti tupu, ila ukivuka barabara tazama magari.

Aliyepitia jambo zito asifumbe macho. Akaze macho kwenye kitu kimoja kilichotulia, mlango au ndoo. Picha mbaya zikiendelea kumjia, aache zoezi na amwone mshauri nasaha.