Skrubu za diski za Honda zimegoma kutoka? Tumia impakti ya kugonga, hatua kwa hatua

Wakuu, kama umewahi kushika breki za mbele za Honda Fit, Civic au CR-V basi unazijua zile skrubu mbili za nyota zilizolala usoni mwa diski. Kazi yake ni kushikilia diski isichezecheze mpaka tairi ifungwe, basi, tairi ikishakaa nati ndo zinabana kila kitu. Toyota nyingi hazina hizi skrubu, ndo maana fundi aliyezoea Toyota akikutana nazo anazichukulia poa, anachukua bisibisi ya kawaida anakaza mkono, biti inaruka, nyota inageuka kuwa shimo la duara na hapo kazi ya nusu saa imekuwa ya siku nzima.

Kinachozigandisha ni kutu na joto la breki la miaka. Kwetu huku Pwani, Dar, Tanga, Mombasa, hewa ya chumvi inamaliza kila chuma, alafu kuna gari zingine zimetumika Japani kule Hokkaido wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, hizo zinakuja na kutu zake kabisa kutoka huko.

Ushauri wangu wa kwanza na mkubwa: usijaribu na bisibisi ya kawaida "kuona kama itatoka". Nyota nzima unayo mara moja tu, ukiila hapo mwanzo hata impakti haitakuwa na pa kushika.

Impakti ninayoisema ni ile ya kugonga na nyundo, lichuma zito la mkononi, sio mashine ya umeme wala ya betri. Ndani ina springi na mfereji uliokatwa kwa kupinda, ukigonga kitako chake biti inasukumwa ndani ya skrubu na kuzungushwa kidogo kwa wakati huohuo. Siri yote iko kwenye huko kusukuma, maana biti ya nyota ukiizungusha kwa nguvu kawaida yake ni kupanda juu na kutoka, sasa hapa nyundo inaizuia isipande. Mashine ya betri inazungusha vizuri tu ila kusukuma ni mwili wako, na mwili wako haushindani na nyundo ya kilo moja.

Vitu vya kuwa navyo: impakti yenyewe, nyundo ya chuma ya kilo 1 hadi 1.5 (ya mpira au ya mbao inameza pigo, achana nayo), brashi ya waya, dawa ya kutu ya kupuliza, miwani ya kukinga macho, na biti ya nyota namba 3. Namba narudia, 3. Watu wengi wanachomeka namba 2 kwa sababu ndo iliyojaa kwenye boksi la biti, inaingia ndio lakini inacheza, na biti inayocheza inakula skrubu. Ukipata biti ya kipimo cha JIS cha Wajapani ni bora zaidi, inakaa kwenye skrubu zao bila kupwaya.

Hatua ya 1. Legeza nati za tairi gari ikiwa chini, ndo upige jeki, weka stendi, toa tairi. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, usiifungue bado! Wengi wanafungua kalipa kwanza alafu wakigonga habu nzima (kile kitovu kinachobeba diski na tairi) inazunguka na nguvu inapotea bure. Iache, mwambie mtu akae kwenye siti akanyage breki akushikilie diski.

Hatua ya 2, ambayo ndo inaamua kama utafaulu. Safisha nyota. Kile unachokiona kama nyota fupi mara nyingi ni nyota ndefu iliyojaa kutu na vumbi la pedi. Chukua msumari mwembamba uchokoe kila kona mpaka uone chuma kwenye kitako cha shimo, piga brashi, puliza. Alafu weka biti peke yake, bila impakti, uigonge taratibu kwa nyundo mpaka uhisi imekaa chini kabisa, mlio wenyewe unabadilika, unakuwa mkavu. Ukiitikisa kwa vidole isicheze.

Hatua ya 3. Dawa ya kutu pembezoni mwa kichwa cha skrubu, kidogo, na uiache iingie, nenda kanywe chai. Angalia isitapakae kwenye uso wa diski kama diski unairudisha, na kwenye pedi isifike kabisa. Ukirudi futa nyota ikauke, mafuta ndani ya nyota yanafanya biti iteleze. Kama nyota imeshalika kidogo, paka ile pesti ya kusagia vavu kwenye ncha ya biti, ile michanga yake inang'ata.

Hatua ya 4. Seti upande. Impakti nyingi unashika mwili kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, unazungusha mpaka ikae upande wa kufungulia, zingine zina alama ya L na R au mshale. Usiamini alama! Simamisha biti kwenye kipande cha mbao, gandamiza kwa nguvu uangalie biti inaelekea wapi, iende kushoto, kinyume na saa. Ikienda kulia na wewe ukagonga, umeikaza skrubu kuliko kiwanda kilivyoikaza.

Hatua ya 5. Chora mstari wa tipeksi kutoka kwenye kichwa cha skrubu kuja kwenye diski. Skrubu ikisogea hata nukta, mstari utakatika na utajua, maana kwa macho matupu mara nyingi huoni kitu na unakata tamaa wakati imeshaanza kuachia.

Hatua ya 6. Chomeka impakti, iwe imenyooka na skrubu, isilale hata kidogo. Kwa mkono ulioshika, zungusha mwili wake kushoto mpaka ule mchezo wa ndani uishe na ubaki umeukaza hivyohivyo, usiachie. Sasa piga. Pigo moja zito, sio kugongagonga kama unapigilia misumari ya bati. Vipigo vidogo vingi vinachosha nyota na kuisumbua beringi bure, maana kila pigo linaishia kwenye beringi ya tairi. Pigo zito linapasua kutu. Angalia tipeksi, kaza tena mkono kushoto, piga tena. Mstari ukishakatika, weka impakti pembeni, malizia na bisibisi ya kawaida, itatoka kama haikuwahi kugoma.

Ikigoma baada ya mapigo kadhaa, toa biti uangalie nyota. Kama bado nzima, ongeza dawa na urudie. Kama inalika, acha kugonga, nenda kwenye drili. Piga alama katikati na senta panchi, anza na biti ya mm 6.5 alafu mm 8, chimba kichwa tu, skrubu yenyewe ni ya mm 6, kwahiyo kichwa kitaachia na diski itatoka. Kile kipande kinachobaki kwenye habu hakina tena kinachokibana, kishike na praizi ya kujifunga ukizungushe. Moto wa gesi mimi siupendi hapa, kuna waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukishika breki) karibu, kuna grisi ya beringi, na hiyo dawa uliyopuliza inashika moto.

Skrubu zikitoka ndo sasa ufungue kalipa. Diski ikiwa imeng'ang'ania habu usiipige kichaa, ina matundu mawili yenye uzi, tia bolti za M8 uzi wa 1.25, kaza huku kidogo na huku kidogo, itajisukuma yenyewe. Piga brashi uso wa habu mpaka ung'ae, kutu ikibaki hapo diski inakaa upande na usukani utatetemeka ukishika breki.

Kurudisha weka skrubu mpya, ni za bei ndogo, paka grisi ya shaba kidogo tu kwenye uzi, kaza kwa bisibisi ya mkono. Kitabu cha Honda kinasema 9.8 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ni kidogo sana hiyo. Nati za tairi ndo 108 Nm.

Impakti hiyohiyo inafaa kwa skrubu za bawaba za milango na zile za chuma kinachopokea kitasa. Ukitaka kuvalisha soketi tumia zile nyeusi za impakti, za kromu zinaweza kupasuka zikarusha vipande. Kabureta na vitu vya alumini nyembamba usiviguse nayo kabisa, utapasua kifaa cha watu.

Na kabla hujatoa gari kwenye stendi, pampu pedali ya breki mpaka iwe ngumu, ukishasukuma pistoni ya kalipa ndani mkanyago wa kwanza unazama mpaka chini.