Umoja wa Kisovieti uliishika Ulaya Mashariki kwa uthabiti kiasi gani? Namna ya kulijibu swali hili hatua kwa hatua

Mpwa wangu yuko kidato cha sita, na swali hili lilimkaa kooni wiki nzima: Moscow iliishika Ulaya Mashariki kwa uthabiti kiasi gani kati ya 1948 na 1989? Alinijia na kurasa nne za tarehe. Zote zilikuwa sahihi, ila jibu halikuwamo. Tulikaa mezani jioni mbili, na hapa naandika tulichokifanya kwa mpangilio uleule, maana najua wengi wanakwama palepale alipokwama yeye.

Hatua ya 1: Chora ramani kwa mkono

Usipakue. Ramani ya kupakua unaitazama mara moja na kuisahau, ila ukiichora mwenyewe itabaki kichwani hadi siku ya mtihani. Karatasi isiyo na mistari, penseli na kifutio vinatosha. Weka Poland, Ujerumani Mashariki, Chekoslovakia, Hungaria, Romania na Bulgaria, kisha Yugoslavia na Albania kando kidogo. Pigia mstari mnene mpaka wowote unaogusana na Ujerumani Magharibi au Austria. Halafu chora nyota kwenye nchi zilizokuwa na kambi za jeshi la Kisovieti mwaka 1960: Ujerumani Mashariki, Poland na Hungaria. Romania haina nyota, kwa kuwa wanajeshi waliondoka 1958. Chekoslovakia nayo haina nyota bado. Utairudia kuichora ukifika 1968.

Hatua ya 2: Acha kuandika "Urusi"

Urusi ilikuwa jamhuri moja kati ya 15 za Umoja wa Kisovieti. Stalin, aliyeuongoza umoja huo hadi 1953, alikuwa Mjojia. Andika Umoja wa Kisovieti, au Moscow ukimaanisha uongozi wake.

Hatua ya 3: Chagua kipimo kabla ya kuchagua tarehe

Neno "uthabiti" lina maana mbili, na anayezichanganya anajikuta anajipinga aya hadi aya. Maana ya kwanza ni uwezo wa kuzima uasi. Ya pili ni uwezo wa kutawala bila kulazimika kuzima kitu. Nilimwambia mpwa wangu asimame azuie mlango kwa mguu, mimi nikisukuma kutoka nje. Mlango haukufunguka. Nikamwita aje achukue chai yake, akashindwa kutoka pale. Basi akaandika kipimo chake juu ya daftari: mlango ulifungwa, lakini mguu ungeweza kuondoka lini?

Hatua ya 4: Eleza walivyoingia, kwa aya moja tu

Jeshi Jekundu la Kisovieti liliwafukuza Wanazi na likabaki. Nchini Hungaria, kiongozi wa wakomunisti Mátyás Rákosi aliviondoa vyama vingine kimoja kimoja, kama mtu anayekata soseji kipande kwa kipande. Februari 1948 wakomunisti wakaishika serikali ya Chekoslovakia mjini Prague. Juni mwaka huohuo Yugoslavia ya Tito ikafukuzwa Cominform, umoja wa vyama vya kikomunisti, na haikurudi kundini. Baraza la uchumi, Comecon, likaundwa 1949, na Mkataba wa Warsaw, wa kulindana kijeshi, ukatiwa saini Mei 1955. Imetosha. Wanafunzi wengi wanamaliza nusu ya muda wao hapa, nalo swali halikuuliza waliingiaje.

Hatua ya 5: Weka milipuko ya uasi kwenye jedwali

Safu nne: nchi na mwaka, watu walidai nini, Moscow ilifanya nini, na nini kilibaki baada ya hapo. Safu ya nne ndiyo inayobeba jibu, kwa hiyo iachie nafasi pana.

Ujerumani Mashariki, Juni 1953. Wajenzi wa Berlin waliongezewa viwango vya kazi kwa asilimia 10 bila nyongeza ya mshahara. Waligoma, na kesho yake, tarehe 17, mgomo ukaenea nchi nzima. Vifaru vya Kisovieti vikauzima. Kilichobaki ni watu waliopiga kura kwa miguu: kati ya 1949 na 1961 zaidi ya watu milioni 2.5 walihamia Magharibi, hadi ukuta ukajengwa Berlin kuanzia usiku wa kuamkia Agosti 13, 1961. Ukuta huo uandike kwenye safu ya nne, maana umetokana na yaleyale ya 1953.

Hungaria, 1956. Februari Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti baada ya Stalin, alimshutumu mtangulizi wake katika hotuba ya faragha. Oktoba 23 wanafunzi na wafanyakazi wa Budapest wakaingia barabarani. Imre Nagy akashika serikali, akakubali vyama vingi, na Novemba 1 akatangaza kwamba Hungaria inajitoa Mkataba wa Warsaw. Alfajiri ya Novemba 4 vifaru vikaingia. Wahungaria wapatao 2,500 waliuawa, wengine 200,000 hivi wakakimbia nchi, na Nagy akanyongwa Juni 1958. Kilichobaki: János Kádár, aliyewekwa na vifaru hivyohivyo, ndiye baadaye aliyewalegezea Wahungaria kamba kuliko majirani zao wengi. Usiiruke sentensi hii. Moscow ilishinda barabarani, kisha ikabidi ikubali mambo ambayo Stalin asingeyavumilia.

Chekoslovakia, 1968. Alexander Dubček, kiongozi wa chama cha kikomunisti, aliondoa udhibiti wa magazeti na kusema kila mara kwamba nchi yake itabaki ndani ya Mkataba. Usiku wa Agosti 20 majeshi ya Umoja wa Kisovieti, Poland, Hungaria na Bulgaria yakaingia. Jeshi la Chekoslovakia liliamriwa libaki kambini. Watu waling'oa vibao vya barabara na kuvigeuza ili wageni wapotee njia. Lawama zilitoka hadi huku kwetu: serikali ya Mwalimu Nyerere ililaani uvamizi huo. Kilichobaki: kambi za kudumu ndani ya nchi ambayo haikuwa nazo. Rudi kwenye ramani sasa, chora nyota.

Ukifika hapa utashawishika kuandika kwamba aliyebadilisha chochote alivamiwa. Si kweli, na msahihishaji makini atakukamata. Oktoba 1956 Gomułka alirudi kukiongoza chama cha kikomunisti cha Poland bila kuombewa ruhusa, Khrushchev akaruka hadi Warsaw akiwa na hasira, na mwishowe akakubali. Mwaka 1968 Ceaușescu wa Romania alikataa kutuma askari na akaulaani uvamizi hadharani, na hakuguswa. Albania ilijitoa rasmi katika Mkataba Septemba ya mwaka huohuo, nayo haikuguswa. Tazama ramani yako uone sababu. Romania haikugusana na Magharibi, na ndani yake chama kimoja kilishika kila kitu. Albania ilikuwa nyuma ya Yugoslavia, hakuna kifaru ambacho kingefika kwa urahisi. Kwa hiyo mstari mwekundu ulikuwa na sehemu mbili: chama kisipoteze ukiritimba wake, na nchi iliyo mpakani isitoke kwenye Mkataba. Dubček aliahidi kutouvuka wa pili. Walichokiogopa Moscow ni kwamba alikuwa ameshauvuka wa kwanza.

Hatua ya 6: Poland 1980 na 1981

Ipe hatua hii muda mwingi kuliko nyingine zote. Nikiwa chuo nilikesha usiku kucha hapa na insha yangu ikabaki na tundu katikati. Mpwa wangu naye alifika hapa akaweka kalamu chini: "Mjomba, hapa chama kilipoteza ukiritimba wote, mbona hawakuingia?"

Ndilo swali lenyewe. Agosti 1980 mwendeshaji winchi Anna Walentynowicz alifukuzwa kazi katika kiwanda cha meli cha Lenin mjini Gdańsk. Wenzake wakagoma. Wakaandika madai 21, la kwanza likiwa haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi kisicho chini ya serikali. Agosti 31 Lech Wałęsa akatia saini makubaliano kwa kalamu kubwa ya ukumbusho yenye picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Hebu ifikirie kalamu hiyo: ndani ya kiwanda chenye jina la Lenin, mbele ya kamera, fundi umeme anashika sura ya Papa Mpoland. Mwaka uliofuata chama hicho, Mshikamano, kilikuwa na wanachama wanaokaribia milioni 10.

Desemba 13, 1981 Jenerali Jaruzelski, kiongozi wa Poland, alitangaza sheria ya kijeshi. Askari waliokuwa barabarani walikuwa Wapoland.

Hapa kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kuandika kwamba Moscow iliivamia Poland. Haikuivamia. Ilifanya mazoezi ya kijeshi, ilitisha, ikashinikiza, lakini haikuingia.

Wa pili ni kuandika kwamba Mshikamano ulizimwa, kwa hiyo mshiko ulikuwa imara. Ukitumia maana ya kwanza ya Hatua ya 3, ndiyo. Ukitumia ya pili, hapana, maana kilichofunga mlango safari hii ni mguu wa mwenyeji. Jaruzelski alidai kwa miaka mingi kwamba alichagua ubaya mdogo ili kuzuia uvamizi. Kumbukumbu za kikao cha Politburo, kamati kuu ya uongozi wa chama mjini Moscow, cha Desemba 10, 1981 zinaonyesha Andropov, mkuu wa KGB (idara ya usalama), akisema kwamba hawatathubutu kupeleka askari, hata Poland ikiangukia mikononi mwa Mshikamano. Ukitaka kutumia ushahidi mmoja tu katika insha nzima, tumia huu. Siku tatu kabla ya vifaru vya Jaruzelski kutoka, waliomtisha walikuwa wameshaamua kutokuja.

Wa tatu ni kuiacha sababu hewani. Iandike. Jeshi lilikuwa Afghanistan tangu Desemba 1979. Poland ilidaiwa na nchi za Magharibi zaidi ya dola bilioni 20, na atakayeivamia angelirithi deni. Wapoland wangepigana. Nao Umoja wa Kisovieti wenyewe ulikuwa umechoka kuzibeba nchi zilizo chini yake: mwaka huohuo wa 1981 ulipunguza mafuta ya bei nafuu uliyoiuzia Ujerumani Mashariki kutoka tani milioni 19 hadi 17 kwa mwaka, na Honecker, kiongozi wa nchi hiyo, akaandika kulalamika. Zamani mali ilitoka kwenye nchi hizi kwenda Moscow. Sasa Moscow ndiyo iliyokuwa inalipa ili wakae.

Mpwa wangu alipolielewa hili alifuta hitimisho lake lote kwa kifutio, akaandika jipya kwa mistari mitatu.

Hatua ya 7: 1989

Aya moja. Desemba 1988 Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, aliahidi Umoja wa Mataifa kupunguza askari 500,000 na akasema kila taifa lina haki ya kuchagua njia yake. Juni 4, 1989 Mshikamano ulishinda viti 160 kati ya 161 ulivyoruhusiwa kugombea katika bunge la chini la Poland. Septemba Hungaria iliwafungulia Wajerumani Mashariki mpaka wa Austria. Oktoba 9 watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig, Ujerumani Mashariki, na hakuna aliyepigwa risasi. Novemba 9 ukuta ukafunguka. Usisimulie miezi hii kama muujiza. Onyesha kwamba mguu uliondoka mlangoni, na uiunganishe moja kwa moja na kikao cha Desemba 10, 1981.

Hatua ya 8: Andika hukumu kwanza, utangulizi mwisho

Hukumu iwe na kipimo, muda na "lakini" moja. Ya mpwa wangu ilikuwa hivi: hadi 1968 Moscow iliweza kuzima uasi wowote iliotaka kuuzima, lakini kila mara iliacha nyuma ukuta, kambi au kiongozi wa kubembelezwa, na kufikia 1981 ilikuwa haithubutu tena. Kisha rudi juu uandike utangulizi unaotaja kipimo hichohicho kwa maneno yaleyale. Dakika kumi za mwisho zitumie kukagua safu ya nne ya jedwali: kila mlipuko ambao hukusema kilichobaki baada yake, ongeza sentensi moja.