Pilipili manga: usijaze shamba na mmea mmoja

Wengi wetu tunaokaa Nairobi na tuko na kashamba huko Kwale ama Kilifi tunafanya hivi, unaona mmea wa jirani umezaa vizuri, unakata vipandikizi, unajaza shamba lote. Sasa hiyo si mimea mia, ni mmea mmoja umejirudia mara mia, jeni ni zile zile, na ikiingia ile Phytophthora ya kuozesha shina na mizizi hakuna hata mmoja wa kubishana nayo.

Kwa hivyo tafuta mama tofauti, yaani mimea ya kukatia vipandikizi, kutoka mashamba yaliyo mbali mbali. Ukitaka za Zanzibar ama Muheza kule Tanzania usizifiche kwa begi, chukua kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, huo ugonjwa unasafiri na udongo. Kila mama mpe namba. Kata kamba zinazotambaa chini karibu na shina, vifundo viwili au vitatu, matawi ya pembeni achana nayo maana hayapandi mti, yanakupa kichaka cha kuweka kwa ndoo tu. Na punje za dukani wacha, zilichumwa kabla ziive zikakaushwa, hazioti.

Penye utamu ni maua. Mkia, yaani kishada kirefu cha maua, ukitoka piga picha ya karibu na simu halafu uikuze. Ukiona kichwa cheupe katikati na vijifuko vidogo viwili vya chavua, kimoja kila upande, hilo ua ni dume na jike pamoja, mmea utajizalia wenyewe. Vijifuko vikikosekana mkia mzima hiyo ni jike tupu, tarajia mapengo. Kule asili yake, milima ya magharibi ya India, pilipili ya porini nyingi ni dume peke yake ama jike peke yake, wakulima ndio walichagua zenye zote mbili.

Jike pia usimtupe, ni mama mzuri wa kuchanganyia na chavua ya mmea mwingine. Kerala, huko huko India, walichanganya aina mbili, Uthirankotta na Cheriyakaniyakkadan, wakapata aina mpya, Panniyur 1, mkia mrefu, punje kubwa, lakini kivuli kizito haitaki, so chini ya miembe yetu sijui kama ningeihangaikia.

Kupanda, changanya namba shambani, usiweke kila moja kona yake, la sivyo utasifu udongo ukidhani ni mmea. Kuanzia mwaka wa tatu hivi pima mavuno ya kila namba yakiwa makavu, mbichi inadanganya na maji, na usikate shauri na msimu mmoja. Zilizoshindwa bakisha mbili mbili hapo kando ya uzio, jeni zake zisipotee.