Jinsi ya kufatilia masomo ya mtoto bila kugombana na mwalimu

Wazazi wenzangu, kulipa ada sio kumaliza, ila pia kumkalia mwalimu kooni kila siku sio kufatilia.

Kwanza achana na lile swali la "leo umesoma nini", jibu utapewa "vingi tu" na stori imeisha. Omba daftari. Usikimbilie maksi, tafuta makosa. Mfano kaandika 52 - 38 = 26, kawekewa X nyekundu. Ukimfokea hapo umeharibu, we mwambie tu "hebu nionyeshe ulivyofanya", utamsikia anasema 8 toa 2 inabaki 6, 5 toa 3 inabaki 2. Umeona sasa? Kutoa anajua vizuri kabisa, asichojua ni kukopa, yani popote anatoa ndogo kwenye kubwa hata kama ndogo ndo iko juu.

Sasa nenda shule na hilo daftari. Ukifika na "mwalimu, mwanangu anaendeleaje" utaambiwa anajitahidi, mtaagana, basi. Mwonyeshe hesabu yenyewe halafu uliza, darasani mnafundisha kukopa kwa njia gani ili nyumbani nisimchanganye? Hili msilichukulie poa, mi niliwahi kumfundisha wangu kugawanya kwa njia yangu ya zamani, shule wanatumia nyingine, mtoto akazichanganya zote akaja na jibu ambalo sio langu wala la mwalimu 😂

Homuweki usimfanyie. Najua saa nyingine ni usiku, umechoka, unataka tu iishe, ila ukimfanyia mwalimu ataona vema tupu, atajua darasa limeelewa, atasonga na mada nyingine. Bora uache wazi uandike pembeni "hapa amekwama".

Usingizi nao ni kazi yetu sio ya shule, mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji masaa 9 mpaka 12 kwa siku, akisinzia darasani mwalimu afanyeje? Na ukiwa na malalamiko yamalize na mwalimu mwenyewe, usimseme mbele ya mtoto, kesho huyo huyo ndo anatakiwa amsikilize.

Baada ya wiki mbili mpe 63 - 27, usimwambie kwamba unampima. Akileta 44 ujue bado anageuza namba, rudini kwa mwalimu. Akileta 36, mwache akacheze.