Mara ya kwanza kutazama Star Wars? Yawahi maandishi ya njano

Kama marafiki wamekualika sinema kutazama Star Wars na hujawahi kuona hata moja, usikeshe ukizitafuta zote za nyuma. Wewe wahi kuingia ukumbini. Filamu kuu zote 9, tangu ile ya mwaka 1977, huanza na maandishi ya njano yanayopanda na kufifia kwenye anga jeusi. Ni aya 3 fupi tu, lakini zinakueleza nani anapigana na nani na mambo yamefikia wapi. Ukiwa bado kwenye foleni ya bisi, yamekupita. Ni ya Kiingereza na hayasubiri mtu, kwa hiyo chagua kiti cha katikati, si mstari wa mbele kabisa unaokukunja shingo.

Halafu Chewbacca, yule jitu mwenye manyoya mwili mzima, akinguruma, usidhani umepitwa na kitu. Kwa kawaida hatafsiriwi kwa yeyote, hata kwa mashabiki wa miaka mingi. Sikiliza anavyojibiwa, utamwelewa vizuri tu, na kwangu mimi huo ndio utamu wenyewe. Majina ya sayari yaache yapite.