Somo: Mbolea ya potasiamu kwenye muhogo, mahindi na karanga za kusini

Ukipita mashamba ya Newala au Tandahimba, kusini mwa Tanzania, mwezi wa pili, utakuta mahindi yaliyokuziwa urea yamekoza kijani juu, huku majani ya chini kingo zake zimekauka kama zimebabuliwa na moto. Wengi husingizia jua. Mara nyingi ni njaa ya potasiamu.

Kirutubisho hiki husaidia jani kufungua na kufunga vitundu vinavyopitisha hewa na maji, na husaidia kusafirisha sukari kutoka kwenye jani kwenda kwenye mzizi au punje. Kikipungua, shamba kwa mbali linaonekana zima. Siku ya kuvuna ndipo unapokuta mihogo myembamba, magunzi yenye ncha tupu, na mabua yaliyolala kwa upepo mdogo tu. Kichanga chetu cha uwanda wa Makonde nacho hakiishiki: mvua ikikolea, inaishusha chini mizizi isikofika.

Hatua ya 1: Soma jani la chini. Mmea ukipungukiwa huihamisha potasiamu kutoka majani makuukuu kwenda machanga. Usiichanganye na njaa ya naitrojeni: kwenye mahindi hiyo nayo huanzia chini, ila unjano wake huanzia nchani na kupita katikati ya jani. Wa potasiamu huanzia kingoni.

Hatua ya 2: Pima udongo. Fanya hivyo baada ya mavuno, kabla ya mvua. Chota sehemu 15 hivi kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 20. Ruka vichuguu, palipochomwa takataka, na chini ya mikorosho. Changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, anika kivulini. Pa kuanzia kuuliza ni TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara. Omba wakupimie na uchachu (pH), usiishie kwenye potasiamu.

Hatua ya 3: Zuia inayotoka. Watu wanairuka hatua hii kwa sababu haina mfuko wa kununua, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Kwenye mahindi, sehemu kubwa ya potasiamu imo kwenye mabua na majani, siyo kwenye punje. Ukiyapeleka mabua nyumbani, umehamisha mbolea. Ukiyapiga moto, potasiamu inabaki kwenye majivu, lakini upepo na mvua ya kwanza vinaondoka nayo. Yatandaze shamba zima. Ukiyarundika pembeni, mvua itaikamua yote ibaki palepale kwenye lundo.

Muhogo ni habari nyingine, kwa kuwa tunachokula ndicho kinachobeba. Tani 10 za mihogo mibichi huondoka na takriban kilo 15 hadi 30 za potasiamu. Panda muhogo juu ya muhogo miaka mfululizo bila kurudisha kitu, halafu ulaumu mbegu!

Hatua ya 4: Soma namba ya tatu ya mfuko. NPK 17:17:17 ya kilo 50 ina kilo 8.5 tu za potasiamu (hupimwa kama K2O). MOP (kloridi ya potasiamu) ina asilimia 60, yaani kilo 30. SOP (salfeti ya potasiamu) ina 50 pamoja na salfa, na bei yake iko juu. Kwa muhogo na mahindi MOP inatosha. Tumbaku ndiyo isiyoitaka.

Hatua ya 5: Weka. Muhogo wa mita 1 kwa mita 1 ni mashina kama 4,000 kwa ekari. Kama kipimo hakijakwambia vingine, anza na kilo 25 za MOP, sawa na gramu 6 hivi kwa shina, kizibo kimoja cha soda kilichojaa. Kwenye kichanga igawe: nusu kizibo muhogo ukitimiza mwezi mmoja, baada ya palizi, nusu ukitimiza miezi mitatu. Chimba sentimita 15 kutoka kwenye shina, fukia. Kwa mahindi, isigusane na mbegu, maana ni chumvi na itaiunguza. Na isiende peke yake: palipokosekana naitrojeni na fosforasi, umetupa hela.

Hatua ya 6: Acha mistari minne bila potasiamu, mingine yote uihudumie sawa. Mavuno yapime kwa mzani. Jicho lina upendeleo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Nipo Tandahimba, napanda mahindi katikati ya mikorosho niliyoipulizia salfa miaka mingi. Niweke MOP?*

Marahaba. Bado kwanza. Salfa inayodondoka chini huchachusha udongo, na udongo mchachu wa kichanga huachia potasiamu, kalisi (kalsiamu) na magnesi (magnesiamu) zikaoshwa. Pima pH. Ikiwa chini sana, anza na chokaa ya kilimo.

*Karanga zangu Masasi nilizipa potasiamu nyingi, nikavuna maganda matupu. Nimekosea wapi, kaka?*

Ganda la karanga hunyonya kalisi lenyewe kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Potasiamu ikijaa pale juu, inashindana nayo, punje hazijai. Yape potasiamu mahindi ya msimu unaotangulia, karanga zifuate, zitumie masalia. Zikianza kutoa maua, nyunyiza jasi, yenye hiyo kalisi, kwenye mstari. Huchimbwa hapahapa Kilwa.

*Majivu ya jikoni je? Nichanganye na urea nipunguze kazi?*

Majivu ni mazuri, mradi hayajanyeshewa. Kuchanganya na urea, hapana dada: naitrojeni itapaa hewani kama amonia. Weka kwa nyakati tofauti.

*Dukani wananiuzia chupa ya lita moja ya mbolea ya potasiamu ya kupulizia, eti inatosha ekari ya muhogo.*

Piga hesabu. Hata kama theluthi nzima ya chupa ni potasiamu, ni gramu 300 na kitu. Nusu mfuko wa MOP una kilo 15.